Kushinda Kesi, Kukosa Malisho: Wafugaji wa Kisami wa Fosen na Suala la Kukazia Hukumu



Nimeombwa na semina hii nizungumzie haki na riziki za watu wa asili wa Aktiki wakati huu tabianchi inapobadilika. Fasili mnazijua. Ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa imo katika Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007, ambalo Tanzania ililiunga mkono na Kenya ikajizuia kupiga kura. Naomba niyapite hayo.

Tabianchi nayo kwa kifupi. Kwa Wasami wanaofuga rendia kaskazini mwa Ulaya, balaa ni mvua inayonyesha katikati ya majira ya baridi. Maji yanaganda juu ya theluji, na mnyama akifukua kwa kwato anagonga barafu. Chakula kiko chini yake, hakifikiki. Majira ya baridi ya 2013/2014, rendia wapatao 61,000 walikufa kwa njaa ya namna hiyo katika rasi ya Yamal, Urusi. Dawa ya mfugaji ni ile ile ya zamani, kuhamia malisho mengine. Mfugaji wa Longido au Marsabit hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa Fosen, katikati ya Norwei, na hapa mnivumilie. Malisho ya akiba ya majira ya baridi yamesimikwa mitambo ya upepo 151, na rendia hawakaribii mitambo. Ni nishati safi, inayojengwa kwa jina la kupambana na joto lile lile linalowaua rendia. Mwaka 2018 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi wa rangi iliiomba Norwei isimamishe ujenzi, ujenzi ukaendelea. Mahakama ya rufani ikaona wafugaji walipwe fedha za kulishia mifugo zizini. Tarehe 11 Oktoba 2021, majaji 11 wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, wakaikataa hesabu hiyo: leseni ni batili, kwa kuwa inakiuka ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Kenya na Tanzania nazo zimeuridhia mkataba huo.

Nilishangilia peke yangu ofisini. Kisha nikatafuta amri. Mitambo ing'olewe? Lini? Kwa gharama ya nani? Hakuna. Siku 500 zikapita mitambo inazunguka, mpaka Februari 2023 vijana wa Kisami walipokwenda kukaa ndani ya wizara ya nishati mjini Oslo na polisi wakawabeba. Ndipo serikali ikaomba radhi. Makubaliano na kundi la wafugaji wa kusini mwa Fosen yakaja Desemba 2023, na la kaskazini Machi 2024. Mitambo bado ipo.

(Mwezi ule ule wa hukumu ya Fosen, Oktoba 2021, mahakama ya Meru, Kenya, ilisema hatimiliki za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, hazikupatikana kihalali. Mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norwei umewahi kuwa miongoni mwa wenye hisa. Sisemi zaidi.)

Kwetu nako, kabatini mwangu kuna mafaili ya kesi tulizoshinda ambazo ng'ombe hawajazisikia. Kila nikiuliza, najibiwa suala liko ngazi za juu. Maoni haya ni yangu, si ya ofisi yangu.

Napendekeza basi, kwa heshima, kwamba mawakili waombe amri za utekelezaji zenye tarehe ndani ya madai yenyewe, wasisubiri kukazia hukumu baadaye. Mahakama ibaki na faili mpaka malisho yarudi. Mkopeshaji wa mradi asitoe fedha wakati kesi ya ardhi inaendelea. Tathmini ya mazingira ihesabu malisho ya akiba, yale yanayoonekana matupu miaka tisa na kuokoa kundi mwaka wa kumi. Fidia ya chakula cha zizini isihesabiwe kuwa badala ya malisho. Hili Mahakama ya Juu ya Norwei imekwisha kulisema. Wafugaji waulizwe kabla ya leseni, kwa lugha yao, na wakisema hapana iandikwe hapana. Hukumu ya Fosen itafsiriwe kwa Kiswahili. Na amri ziwe na tarehe. Nimeshalitaja, nalirudia kwa sababu katika semina iliyopita liliachwa nje ya maazimio.

La mwisho ni la wanasheria waliomo humu: zuio liombwe kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Ikisimama, mtaambiwa imegharimu fedha nyingi mno kuing'oa.