Breki na mteremko wa Gisenyi: dalili za kuchakaa na wakati wa kubadilisha



Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: pedi, au plaketi kama wengi wetu tunavyoziita, zibadilishwe baada ya kilomita ngapi? Dereva wa Dar es Salaam anaweza kujibiwa kwa kilomita. Sisi hapana. Barabara ya kutoka Musanze hadi hapa Gisenyi ni ya kilomita kama 60 tu, lakini inapanda kupita mita 2,000 upande wa Bigogwe, kisha inaporomoka hadi Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Gari dogo la tani moja na nusu likishuka mita 500 linatoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji. Sehemu ya nishati hiyo isiyozuiwa na injini wala upepo huishia kwenye disiki, ngoma na pedi. Sasa pigeni hesabu ya lori la tani 40 linaloelekea mpakani Goma.

Kwa hiyo adui wetu mkubwa ni joto, na joto hilo huanza na kosa la dereva. Wapo wanaotoa gia na kuliachia gari lishuke lenyewe, eti wanabana mafuta. Katika injini za kisasa hesabu hiyo ni ya uongo: gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, injini hukata mafuta yenyewe. Likiwa nje ya gia, injini huendelea kuyanywa ili isizime. Dereva anapoteza mafuta na breki kwa pamoja.

Dalili za pedi kuisha mnazijua: mlio mwembamba wa kibati cha tahadhari kinapogusa disiki, halafu mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Gari likivutwa upande mmoja, chunguzeni pistoni iliyokwama au bomba lililoziba. Pedali ikitetemeka, disiki haiko sawa. Kwenye taa nyekundu ya breki nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wakiiona huongeza mafuta ya breki na kuendelea na safari. Pedi zikiliwa, pistoni husogea nje zaidi na mafuta hupungua kwenye chupa. Ukiongeza mafuta bila kuangalia pedi, umeinyamazisha taa tu. Na kama pedi ni nzima, basi mafuta yanavuja mahali.

Dalili ninayoihofia zaidi haiachi alama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishalowa, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Katikati ya mteremko yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Pedali inazama hadi sakafuni ilhali pedi bado ni nene! Dereva akinusurika na gari likapoa, pedali hurudi kuwa ngumu, fundi anakagua na haoni kitu, na dereva anaonekana ametia chumvi. Mafundi, mteja akiwaeleza habari hiyo, mwaminini, mwageni mafuta yote na kuweka mapya. Hata bila tukio kama hilo, miaka miwili inatosha.

Kuhusu kubadilisha: pedi mpya nyingi huwa na milimita 10 hadi 12. Vitabu husema zitolewe zikifika 3. Kwa mteremko huu mimi nasema 4. Badilisheni pedi za magurudumu yote mawili ya ekseli moja, pimeni disiki kwa kipimo cha chini kilichochorwa juu yake, na zizoesheni pedi mpya mahali pa tambarare kabla ya safari. Wala msitegemee cheti cha ukaguzi wa polisi: kinaeleza hali ya breki siku ile ya ukaguzi, si miezi mitano baadaye.

Ombi langu kwa kila gereji ya Gisenyi ni dogo: nunueni kipimo cha maji ndani ya mafuta ya breki, na kila mnapoyabadilisha, andikeni tarehe chini ya boneti, mahali ambapo fundi anayefuata ataiona.