Mfumo Endeshi Mpya wa Kulipia: Utoke Kila Baada ya Miaka Mingapi?



Kompyuta ya chama haiwezi kuandika hata jina la mwanachama mmoja pasipo mfumo endeshi. Mfumo huo ni programu ya msingi inayoiongoza mashine na kuzibeba programu nyingine, zikiwamo za mahesabu ya mazao na malipo. Watengenezaji huutoa kwa matoleo. Swali linalomgusa kila mnunuzi ni hili: toleo kubwa la kulipia lije kila baada ya muda gani?

Mifano miwili yatosha. Kampuni ya Apple, kati ya mwaka 2002 na 2007, iliuza matoleo manne ya Mac OS X, kila moja kwa dola 129. Aliyenunua yote manne alitoa dola 516 kwa kompyuta moja. Kampuni ya Microsoft ilishika njia ya pili: Windows XP ilitoka mwaka 2001, na Vista iliyoifuata ikawafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007. Watu walikuwa wamekwisha kuizoea XP, na Vista ilidai mashine zenye nguvu zaidi. Wengi wakabaki na ya zamani, iliyoendelea kupewa marekebisho hadi Aprili 2014.

Baadaye bei zilishuka. Apple ilitoa toleo la mwaka 2013 bure. Windows 11 nayo, iliyotoka Oktoba 2021, haikuwadai malipo wenye Windows 10. Hata hivyo, ilikataa kompyuta nyingi zilizokuwa bado nzima, kwa kukosa kifaa cha usalama kilichotakiwa. Huduma ya kawaida ya marekebisho ya Windows 10 ikafikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Hivyo gharama haikutoweka. Ilihama kutoka kwenye leseni ikaingia kwenye mashine.

Kwa hiyo hapana budi kutenganisha mambo mawili. Kuziba nyufa za usalama ni sawa na kurekebisha mizani inayopunja: ni kazi isiyongoja kalenda, wala mnunuzi hapaswi kuuziwa upya. Toleo kubwa ni mizani mpya. Yafaa litoke pale tu linapoleta kazi ambayo la zamani haliwezi, na la zamani liendelee kutunzwa kwa muda usiopungua umri wa kompyuta yenyewe.

Katibu hana uwezo wa kumpangia mtengenezaji ratiba. Anao uwezo wa kuandika katika daftari la mali tarehe ambayo utunzaji wa mfumo wa chama utakoma, na kuhakikisha makisio ya mwaka unaotangulia yana fungu la mashine, leseni na mafunzo ya karani. Tarehe hiyo, wala si tangazo la muuzaji, ndiyo ya kupelekwa mbele ya Halmashauri. Chama kisichoijua hununua kwa hofu, na anayenunua kwa hofu hulipa bei yoyote anayotajiwa, kwa fedha zilizotokana na jasho la wanachama.