Uelekezaji wa Simu kati ya Mitambo ya Ofisi: Mfano wa Kilosa, Mikumi na Malolo

1. Utangulizi
Mada hii inajadili namna ya kuunganisha swichibodi, yaani mitambo ya simu ya ofisi, ili mtumishi wa ofisi moja ampate mwenzake wa ofisi nyingine kwa namba fupi ya ndani bila kupitia laini ya nje. Mfano unaotumika ni mtandao wa kufikirika wenye makao makuu mjini Kilosa, tawi Mikumi na kituo katika kata ya Malolo, ambako kilimo cha umwagiliaji huwafanya wakulima na wataalamu wa wilaya wahitajiane mara kwa mara. Hoja kuu ni kwamba kasoro nyingi za uelekezaji huzaliwa katika mpango wa namba, kabla mtambo haujaguswa.

2. Mpango wa namba
Kila ofisi hupewa fungu lake: Kilosa namba zinazoanza na 2, Mikumi 3 na Malolo 4, zote zikiwa na tarakimu nne, ili tarakimu ya kwanza pekee itoshe kuonyesha simu inakokwenda. Namba ya ndani haifai kuanza na 0, inayotangulia namba za kitaifa kama zile za 023 za Morogoro, wala na 1, kwa sababu mtambo ukipokea 112, namba ya dharura, utasubiri tarakimu ya nne huku mwenye shida akisikia kimya.

3. Jedwali la njia
Jedwali la njia ni orodha inayouambia mtambo kila fungu la namba lipelekwe wapi. Ikiwa Malolo imeunganishwa na Mikumi tu, simu ya kutoka Kilosa kwenda 4112 hupitia Mikumi. Kwa hiyo jedwali la Kilosa huelekeza fungu la 4 Mikumi, la Mikumi hulielekeza Malolo, na la Malolo hupeleka mafungu ya 2 na 3 Mikumi. Hatari hujitokeza pale Mikumi inapoagizwa kupeleka Kilosa kila namba isiyoijua, na Kilosa nayo ikaagizwa vivyo hivyo kwa Mikumi: mtu akikosea akapiga 5100, isiyo na mwenyewe, simu hiyo moja huzunguka kati ya mitambo miwili, kila mzunguko ukishika nafasi nyingine, hadi njia ijae. Dawa yake ni kutaja mafungu halali na kukataa yaliyobaki.

4. Njia mbadala na dharura
Kiungo cha Malolo kikikatika, simu inaweza kupitishwa kwenye mtandao wa simu za mkononi, lakini 4112 haina maana huko, hivyo mtambo hauna budi kuibadilisha iwe namba kamili ya laini iliyopo Malolo. Simu za 112 zitoke kwa laini ya Malolo yenyewe, kwa kuwa zikitokea Kilosa, mpokeaji ataona namba ya Kilosa na msaada unaweza kuelekezwa kusikohusika.

5. Mapendekezo
Mpango wa namba uwe mmoja na uwe chini ya msimamizi mmoja, na kila badiliko lijaribiwe kwa kupiga pande zote mbili, kwa kupiga namba isiyokuwapo, na kwa kuchomoa kiungo kimakusudi, kwani jaribio la simu iliyofanikiwa pekee halifichui mzunguko wala njia mbadala iliyokufa.