Si Kila Homa ni Taifodi



Kuanzia Kibokoni hadi Majengo, mtu akishikwa na homa na tumbo, jina la kwanza kutajwa ni taifodi. Hofu hiyo ina sababu. Visima vya kisiwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji machafu ya vyoo vya shimo huupenya kwa urahisi. Hata hivyo malaria na virusi huleta homa kama hiyo. Dalili pekee hazitoshi.

Wengi hukimbilia kipimo cha Widal, kwa kuwa jibu lake hutoka upesi. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, si bakteria wenyewe, kwa hiyo aliyeugua zamani aweza kuambiwa ni mgonjwa leo. Kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, ingawa nacho hakimnasi kila mgonjwa na huchukua siku kadhaa. Damu hiyo itolewe kabla ya kidonge cha kwanza. Aliyekwisha kumeza dawa za dukani huwa ameuharibu ushahidi.

Antibiotiki hushika pale bakteria walipotofautiana na binadamu. Penisilini huwazuia kujenga ukuta wao, na chembe za mwili wetu hazina ukuta huo. Siprofloksasini huwavuruga wanaponakili vinasaba vyao. Virusi hazina mitambo hiyo, basi dawa hizi haziziwezi.

Tangu miaka ya 1990, taifodi ya Kenya imekuwa ikishinda kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli kwa pamoja. Madaktari wakahamia siprofloksasini, nayo sasa inapungua nguvu. Ndiyo maana daktari huuliza mengi: umri, mimba, mzio, hali ya figo, na dawa zilizokwisha kutumika. Aliye mahututi huanzishwa dawa mara tu damu ikishatolewa. Majibu yakija, dawa hubadilishwa ikibidi.

Homa ya taifodi huweza kuchukua siku nne au tano kushuka hata kwa dawa sahihi. Kubadili dawa siku ya pili kwa kukosa subira ni hasara tupu, na kuiacha homa iliposhuka ni kukaribisha ugonjwa urudi.

Lakini tumbo likiuma ghafla na kuwa gumu, utumbo huenda umetoboka. Hapo hakuna kungoja: mgonjwa apelekwe mara moja Hospitali Kuu ya Pwani, pamoja na pakiti za dawa zote alizomeza.