Hesabu ya Dawa ya Homa ya Ini
(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama)



Mwaijua tofauti ya bei kati ya mfuko mmoja wa mbolea na shehena iagizwayo na Chama Kikuu. Hesabu hiyo ndiyo ya dawa ya homa ya ini aina ya C, maradhi yaenezwayo kwa damu, yasiyo na chanjo, yalayo ini kimyakimya kwa miaka mingi.

Sofosbuviri ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013, tiba ya majuma 12 iliuzwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kwa kidonge. Huko Misri, sindano za kichocho zilizorudiwa kutumiwa bila kutakaswa zilikuwa zimewaambukiza watu wengi mno. Serikali yao ikapatana bei kwa niaba ya wagonjwa wote, na mwaka 2014 ikaipata kwa dola 900. Baadaye viwanda vya Misri vyenyewe vikatengeneza dawa ileile, bei ikashuka chini ya dola 100. Sidhani kwamba muuzaji wa kwanza alishikwa na huruma. Aliona mnunuzi mmoja mwenye wagonjwa mamilioni.

Mwaka 2023 ilitangazwa bei ya dola 60 kwa sofosbuviri pamoja na daklatasviri, kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hiyo ni bei ya ununuzi wa jumla. Kwa hiyo, katibu aombwaye mkopo wa matibabu aulize kwanza: daktari ameandika jina la dawa, au jina la kiwanda? Kisha idadi ya waliopimwa (nasema idadi, si majina) ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, aulizie Bohari ya Dawa itawaagizia wote kwa bei gani.