Dagaa Tuwaweke Fungu Gani?



Tulipoorodhesha rasilimali za mwambao wetu, mgawanyo ulionekana rahisi. Ziwa, dagaa, migebuka na misitu ni za asili. Mitumbwi, nyavu, taa za kuvulia, chanja na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ni kazi ya mikono. Michikichi ilitusumbua kidogo: ni miti, lakini mingi imepandwa na wazee wetu. Tuliiandika pande zote mbili.

Ugumu hasa ulikuwa kwa dagaa. Vitabu huwaweka samaki katika rasilimali jadidifu, yaani zinazojirudisha. Hujirudisha wakiachiwa muda wa kuzaliana na kukua. Kokoro likizoa wachanga ufukweni, watarudishwa na nani? Ndiyo maana uvuvi ulisitishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu nyavu zilikaa kavu, na kaya zinazotegemea mtumbwi peke yake ziliumia.

Maombi mengi tunayoletewa ni ya injini na nyavu. Tunayaelewa. Lakini wavu mpya hauongezi dagaa hata mmoja. Kwa hiyo kila ombi la chombo sasa lieleze pia kaya itakula nini ziwa likifungwa: bustani, mbuzi, mawese au kazi nyingine.