Kodi Hailipwi Mkononi

Juzi nilikuwa kwa mama mmoja auzaye vitenge jirani na Soko la Kilombero, hapa Arusha. Akaingia kijana mwenye tai, faili kwapani. "Mama, unadaiwa kodi. Toa laki mbili, la sivyo nafunga duka."

Mama akafungua droo, mikono ikimtetemeka. Nikamwomba kijana kitambulisho. Eti amekisahau garini. Nikamwuliza namba ya malipo. Akanuna, akatoka, asirudi.

Mamlaka ya Mapato ilianza kazi mwaka 1996. Siku hizi kodi hulipwa benki au kwa simu, kwa namba maalumu ya malipo, nazo fedha huingia Serikalini moja kwa moja. Anayezitaka mkononi, au zitumwe kwenye simu yake, ni kishoka, hata akivaa tai mbili.

Lakini tuambiane ukweli. Wengi humpa kishoka kwa kuwa hesabu zetu hazijanyooka. Twadhani tumepunguziwa deni; kumbe deni liko palepale, na laki mbili zimekwenda.

Mwenye shaka na aende mwenyewe ofisini akaulize. Kuuliza hakutozwi kodi. Kwaherini.